Manilal Watatu na Mitambo Yao ya Chapa

"Manilal, mwana wa Gandhi, alifika Nairobi mwaka 1915, akaanzisha gazeti, akawatetea vibarua wa Kihindi mahakamani, akashirikiana na Harry Thuku, akafukuzwa Fiji, akafungwa Afrika Kusini, akafia Bukoba."

Hivyo ndivyo alivyoandika mwanafunzi wangu mmoja wa kidato cha tatu, katika swali la Historia lililomtaka aeleze mchango wa Wahindi katika siasa za Kenya kabla ya uhuru. Nilikaa na karatasi ile kwa muda mrefu kuliko zote za darasa lake. Mtahini mwenye haraka angepiga mstari mwekundu na kuendelea. Mimi sikuweza, kwa sababu kila jambo lililotajwa pale lilikuwa limetokea kweli. Yuko Manilal aliyefika Nairobi mwaka 1915 na kufia Bukoba. Yuko Manilal aliyesukumwa nje ya Fiji. Yuko Manilal mwana wa Gandhi, aliyeingia jela za Afrika Kusini. Walikuwa watu watatu, wote asili yao Gujarat, magharibi mwa India, wote waliishi zama moja, na wote watatu walikuwa na gazeti. Kijana alikuwa ameokota habari zao huku na kule, kitabuni na kwenye simu, akazifunga fungu moja.

Nilimwita baada ya vipindi. "Mwalimu," akanijibu kwa adabu, "niliona jina ni moja."

Jibu hilo lilinikaa moyoni kwa sababu lilitoka kwa mtoto wa Kiptere. Hapa kwetu Kericho, kwa Wakipsigis, jina halijawahi kutosha kumtambulisha mtu. Aliyezaliwa mchana ni Kibet, wa magharibi ni Kiplangat, wa alfajiri ni Kipkoech, aliyekuja na mvua ni Kiprop. Saa na mvua ni za watu wote, basi kila kijiji kina Kiplangat wake kadhaa, na kila darasa nililofundisha limekuwa nao. Ndiyo maana mzee akikutana na kijana asiyemjua, jina ni mwanzo tu wa mazungumzo. Atamwuliza ni mtoto wa nani, wa ukoo gani, anatoka kokwet ipi, yaani ujirani upi, na baba yake ni wa rika gani. Maswali hayo yakijibiwa ndipo mzee husema sasa amemjua.

Tena tuna jina la pili, la ndani zaidi. Mtoto anapozaliwa, akina mama hutaja majina ya wazee wa ukoo waliokwisha kufariki, mmoja baada ya mwingine, hadi mtoto apige chafya. Aliyetajwa chafya ilipotoka ndiye aliyerudi, na jina lake ndilo kurenet ya mtoto. Kogo, bibi yangu, ndiye aliyenieleza nilivyopata langu. Hakuishia kwenye jina. Alinihadithia mwenye jina alikuwa mtu wa namna gani, alimkosea nani na alimsaidia nani, ng'ombe wake walichukuliwa mwaka upi, na kwa nini jirani fulani hakumsamehe mpaka kufa. Kwa kogo, kumwita mtoto jina la mtu bila kumpa habari za mtu huyo ilikuwa sawa na kutomwita kabisa.

Ajabu ni kwamba sisi tunaoulizana hivyo hatujawahi kuwauliza Wahindi maswali hayo. Mjini Kericho iko barabara ya Temple, liko gurudwara kubwa la Masingasinga ambalo watu husafiri kutoka mbali kulizuru, na yako maduka ambayo wazazi wetu walinunua mablanketi, sukari na vitambaa vya sare. Mwenye duka aliitwa Mhindi. Awe Mhindu, Singasinga, Ismailia au Mgoa, alikuwa Mhindi, basi. Nimekaa na wazee waliofanya biashara na mtu mmoja kwa miaka na hawakujua jina la baba yake. Wala yeye hakujua la baba yao. Ukoloni ulituweka hivyo, kila jamii katika kitalu chake, tukionana juu ya kaunta tu. Kosa la mwanafunzi wangu, basi, lilikuwa letu sote kabla halijawa lake.

Niliamua kuwatenganisha Manilal hao watatu, kwanza kwa ajili ya darasa, halafu kwa ajili yangu mwenyewe. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Kabianga haiko mbali nasi, na wakati wa likizo nilifika pia kwenye Nyaraka za Taifa pale Nairobi, ambazo, inafaa isemwe, zimo katika jengo lililokuwa la Bank of India.

Nilianza na wa kwetu.

Manilal Ambalal Desai alishuka Kenya mwaka 1915 na kupata kazi ya ukarani katika ofisi ya mawakili wa Kizungu jijini Nairobi. Hakudumu hapo. Alijitosa katika siasa za Wahindi, na baada ya Vita Kuu ya Kwanza akaanzisha gazeti la East African Chronicle. Wahindi wakati huo walikuwa zaidi ya mara mbili ya Wazungu nchini, lakini hawakuruhusiwa kununua ardhi katika nyanda za juu, walitengewa mitaa yao mjini, na katika Baraza la Kutunga Sheria sauti yao ilikuwa ndogo. Desai aliyaandika hayo wiki kwa wiki, akawa mmoja wa vinara wa East Africa Indian National Congress, na wenzake wakamfuata.

Kama angeishia hapo, angekuwa kiongozi wa watu wake kama viongozi wengine wengi. Lakini mwaka 1921 walowezi waliamua kupunguza mishahara ya Waafrika kwa theluthi moja, wakati kodi imepanda na kipande kimekwisha kuanza kufungwa shingoni. Harry Thuku, kijana aliyekuwa mpokea simu wa serikali, aliunda chama ambacho kilikuja kuitwa East African Association. Thuku alikuwa na maneno na alikuwa na watu. Hakuwa na mtambo wa kupigia chapa. Desai alikuwa nao. Karatasi za Thuku zilichapwa katika kiwanda cha Chronicle, na malalamiko ya Waafrika yakaingia katika kurasa za gazeti la Mhindi. Mfanyakazi mwenzake Desai, Sitaram Achariar, aliendelea na kazi hiyo hata baadaye. Ndiye aliyelichapa Muigwithania, gazeti la Kikuyu ambalo Jomo Kenyatta alikuwa mhariri wake mwaka 1928.

Thuku alikamatwa tarehe 14 Machi 1922. Siku mbili baadaye umati ulikusanyika mbele ya kituo cha polisi Nairobi, mwanamke mmoja, Mary Muthoni Nyanjiru, akawachokoza wanaume waliotaka kurudi nyumbani, na risasi zikalia. Zaidi ya watu 20 walikufa, Nyanjiru akiwa miongoni mwao. Thuku alipelekwa uhamishoni Kismayu. Gazeti la Desai nalo halikuishi muda mrefu baada ya hapo. Yeye mwenyewe aliingia katika Baraza la Kutunga Sheria, na mwaka 1926 akafariki Bukoba, upande wa Tanganyika. Wahindi wa Nairobi walimjengea ukumbi wa kumbukumbu, Desai Memorial Hall, na miaka iliyofuata vyama vya wafanyakazi na wanasiasa wa rangi zote walikutana humo.

Nilipofika hapo katika kusoma kwangu, nilisimama. Mimi ni mtoto wa Kericho, na yako mambo ambayo mtoto wa Kericho hawezi kuyapita. Congress ya Wahindi ilidai haki ya kununua ardhi katika nyanda za juu. Nyanda zipi? Pamoja na hizi. Baada ya vita serikali ilikata ekari 25,000 za Kericho na kuwapa maofisa wa Kiingereza waliolemaa vitani, walime kitani. Kitani kikaanguka bei, mradi ukafa, na ardhi haikurudi kwa wenyewe. Julai 1923 serikali ya Uingereza ilitoa waraka maarufu wa Devonshire, ikatangaza kwamba Kenya ni nchi ya Waafrika na kwamba maslahi yao yatatangulia. Waraka huohuo uliwaachia Wazungu nyanda za juu. Haikupita miaka mitatu, Brooke Bond na James Finlay walikuwa wanapanda chai Kericho.

Kwa hiyo namheshimu Desai, na bado nasema wazi kwamba yeye na wakoloni walikuwa wakigombania haki ya kununua kitu ambacho hakikuwa cha kuuzwa. Hoja yake ilikuwa usawa kati ya Mhindi na Mzungu, na usawa huo ungefika Kericho ungempa Mkipsigis mnunuzi mwingine tu. Nimewahi kulisema hili katika chumba cha walimu, na mwenzangu mmoja akaniambia nina madai makubwa mno kwa marehemu. Sidhani. Desai alikuwa mtu mzito wa kutosha kubeba sifa na lawama kwa pamoja. Kilichomwinua machoni pangu ni kwamba hakusubiri Waafrika wakubaliane naye juu ya ardhi ndipo awape mtambo wake. Aliwachapia maneno yao kama walivyoyasema, na gharama aliilipa.

Manilal wa pili alinipeleka mbali, lakini pia alinirudisha nyumbani kwa njia ambayo sikuitarajia.

Manilal Maganlal Doctor alizaliwa Baroda mwaka 1881. Hakuwa tabibu, alikuwa wakili. Doctor ni jina lililobaki kwa familia kutokana na kazi ya baba yake. Alipokuwa London alikutana na Mohandas Gandhi, ambaye alikuwa amepita Mauritius mwaka 1901 na kuona hali ya watu wake huko. Kwa ushauri wa Gandhi, Manilal Doctor alifika Mauritius mwaka 1907. Kisiwa kile kidogo kilikuwa kimepokea zaidi ya watu 450,000 kutoka India kwa mikataba ya kazi tangu utumwa ulipofutwa, wakakate miwa badala ya watumwa. Kibarua asipofika kazini siku moja, alikatwa mshahara wa siku mbili. Asipokuwa na hati zake njiani, alishikwa kama mzururaji. Manilal Doctor aliwasimamia mahakamani, akafika mbele ya tume ya kifalme mwaka 1909 na malalamiko yao, na mwaka huohuo akaanzisha gazeti, The Hindusthani, kwanza kwa Kiingereza na Kigujarati, kisha akaweka Kihindi mahali pa Kigujarati. Badiliko hilo la lugha linanieleza mengi kuhusu mtu. Wafanyabiashara wa kisiwa walisoma Kigujarati. Wakata miwa, wengi wao watu wa Bihar, hawakukijua. Wakili aligeuza gazeti lake kuelekea shambani.

Mwaka 1912 alihamia Fiji, kulikokuwa na watu waliopelekwa kwa mikataba ileile, akafanya hukohuko kazi ileile: mahakama, chama, gazeti. Mfumo wa mikataba ulifutwa mwanzoni mwa 1920. Mwezi uleule wafanyakazi wa Suva waligoma kwa sababu bei za vyakula zilikuwa zimepanda na mshahara haujasogea. Mke wake, Jayakunvar, aliwaongoza wanawake katika mgomo huo. Serikali iliwatuhumu wote wawili kuwa ndio wachochezi, ikampiga marufuku mumewe kukaa katika sehemu kubwa ya visiwa kwa miaka 2, na wakalazimika kuondoka. Huko New Zealand, Manilal Doctor alinyimwa ruhusa ya kufanya uwakili. Alitangatanga, akafanya kazi Aden miaka mingi, na alifariki Bombay Januari 1956.

Nikiwa nasoma habari za makato maradufu na hati za njiani, nilimkumbuka babu yangu. Alikuwa wa rika la Chumo, na ujana wake aliumaliza katika mashamba ya chai. Alikuwa na kipande: karatasi yenye jina, alama ya kidole, mwajiri na mshahara, ndani ya kikebe cha chuma kilichoning'inia kifuani. Mwajiri asipotia sahihi kwamba kazi imekwisha, hakuna kwingine kwa kwenda. Nyapara ndiye aliyeamua kama kapu lililojaa limejaa, na siku ambayo nyapara hakuridhika haikuandikwa. Babu hakukutana na wakili yeyote. Alijua tu kwamba siku ile aliifanya kazi, na kwamba kwenye kitabu cha shamba haimo. Alituhadithia jambo hilo bila kupaza sauti, mara nyingi, akitaja shamba na msimu, na nilipokuwa mtoto nilidhani anarudia kwa sababu ya uzee. Sasa naelewa alikuwa anaiandika siku ile kwa njia pekee aliyokuwa nayo.

Sitaki kusema kwamba kibarua wa Mauritius na kibarua wa Kericho walikuwa kitu kimoja; hapo nitakuwa nafanya kile alichofanya mwanafunzi wangu. Mmoja alivuka bahari kwa mkataba wa miaka 5, mwingine aliona moshi wa nyumba yao kutoka mstari wa chai. Lakini vitabu vya hesabu walivyokatwa navyo mishahara viliundwa na dola moja. Na zaidi ya vibarua 30,000 wa Kihindi waliojenga reli kutoka Mombasa hadi Kisumu walisaini mikataba ya aina hiyohiyo. Reli ilipita Lumbwa, inayoitwa leo Kipkelion, na kutoka hapo ndipo Kericho ilipata mizigo yake. Baadhi ya wale tuliowaita Wahindi kwa jumla walikuwa jamaa za watu waliokatwa mishahara kabla ya babu.

Wa tatu ndiye aliyenishughulisha zaidi, na ndiye ambaye kila mtu anadhani anamjua kwa sababu ya baba yake.

Manilal Gandhi alizaliwa mwaka 1892, mtoto wa pili wa Mohandas na Kasturba. Akiwa na umri wa miaka 10 aliugua homa kali Bombay, daktari akashauri supu ya kuku na mayai, baba akakataa kwa sababu za imani na kumtibu kwa vitambaa vya maji. Mtoto alipona. Baba alikiandika kisa hicho katika kitabu cha maisha yake kama kisa cha imani yake mwenyewe, nami kama mzazi nakisoma kama kisa cha mtoto aliyelala kitandani bila kuulizwa. Ndivyo maisha yake yalivyokwenda. Alipomkopesha kaka yake mkubwa fedha ambazo hazikuwa zake, baba alimwondoa ashramu. Mwaka 1917 alirudishwa Afrika Kusini, kwenye makazi ya Phoenix karibu na Durban, kulisaidia Indian Opinion, gazeti lililoanzishwa mwaka 1903. Mwaka 1920 akawa mhariri. Mwaka 1926 alitaka kumwoa Fatima Gool, binti Mwislamu wa Cape Town aliyempenda. Baba yake, mtu aliyefunga na kuomba kwa ajili ya umoja wa Wahindu na Waislamu, alimwandikia kumkataza. Manilal alitii. Mwaka uliofuata alimwoa Sushila Mashruwala, msichana aliyechaguliwa nyumbani, na Sushila huyo ndiye aliyekuja kuwa nguzo ya gazeti.

Si kwamba hakuwa na ujasiri wake. Mwaka 1930 alikuwa huko India katika maandamano ya chumvi pamoja na baba yake, na tarehe 21 Mei alikuwa mstari wa mbele pale Dharasana, ambako watu walitembea safu baada ya safu kuelekea marungu ya polisi bila kuinua mkono. Akarudi Phoenix, akaendelea kuchapa.

Swali langu kwake lilikuwa lilelile nililomwuliza Desai. Phoenix iko Inanda. Jirani yake pale alikuwa John Dube, Mzulu aliyeanzisha shule ya Ohlange na gazeti la Ilanga lase Natal mwaka 1903, na matoleo ya mwanzo ya Ilanga yalipigwa chapa na mtambo wa Indian Opinion. Kwa hiyo ujirani wa wino ulikuwepo tangu mwanzo. Lakini kwa miongo mingi gazeti la Manilal Gandhi lilibaki la malalamiko ya Wahindi: leseni zao, ndoa zao, kodi zao. Januari 1949 Durban ililipuka, Waafrika na Wahindi wakauana, watu 142 wakafa. Miaka mitatu baadaye African National Congress na South African Indian Congress walianzisha kampeni ya kuvunja sheria za ubaguzi. Manilal Gandhi alikuwa na mashaka juu ya viongozi wake, hasa Wakomunisti, na juu ya kama watu wameandaliwa vya kutosha kwa njia ya amani. Aliyaandika mashaka hayo gazetini. Kisha, Desemba 1952, akiwa na miaka 60, aliingia mtaa wa Waafrika huko Germiston bila kibali pamoja na Patrick Duncan, Mzungu aliyetembea kwa magongo kwa sababu mguu wake ulikuwa umevunjika, na wenzao wa rangi nyingine. Walikamatwa na kufungwa.

Wako wanaosema alichelewa. Alichelewa kweli. Kwangu mimi, hata hivyo, hatua ile ina uzito kuliko yote aliyoyafanya chini ya kivuli cha baba yake, kwa sababu mwaka 1952 baba hakuwepo tena kumwandikia barua. Alifariki Aprili 1956, miezi michache baada ya Manilal Doctor. Sushila aliliendesha Indian Opinion hadi 1961. Binti yao Ela aliketi katika bunge la kwanza la Afrika Kusini huru mwaka 1994.

Muhula uliofuata niliingia darasani na watu hawa watatu. Sikuwapa wanafunzi maelezo ya kunakili. Niliandika jina moja ubaoni, Manilal, nikawaambia wafanye kama wazee wa kokwet wanavyofanya: waulize. Mtoto wa nani? Alitoka wapi? Alikula na nani? Maneno ya nani yalipita katika mtambo wake? Walikwenda vizuri na maswali ya mwanzo, maana hayo yana majibu ya mstari mmoja. Swali la mwisho ndilo lililowagawa. Wasichana wawili waliokaa nyuma walishikilia kwamba Manilal Doctor ndiye mkubwa wao, kwa sababu alibadili lugha ya gazeti ili maskini wasome. Kijana wa karatasi ile ya mtihani alimtetea Desai kwa nguvu, akisema kumchapia mtu wako ni wajibu, kumchapia asiye wako ni uamuzi. Hakuna aliyemtetea Manilal Gandhi hadi mwishoni, msichana mmoja aliposema kwamba Desai na Doctor walikuwa wametoka kwao na kuwaacha baba zao nyuma, lakini yeye alikuwa amebeba wake mgongoni, na bado akafika. Nilimwona msichana huyo akiyafikiria hayo muda mrefu. Sikuongeza neno.

Kisha mmoja wao akauliza, "Mwalimu, na sisi? Kipsigis walichapwa na nani?"

Niliwaeleza ninalolijua. Mwaka 1914 serikali iliwakamata orkoiik, yaani viongozi wa kiroho, watatu wa ukoo wa Talai, Kipchomber arap Koilegen na ndugu zake, ikawahamishia mbali na watu wao. Mwaka 1934 ilitunga sheria maalum ya kuwaondoa Talai wote Kericho, na mamia ya watu wa kila umri walipelekwa Gwassi, kando ya Ziwa Victoria, nchi ya joto, mbung'o na malaria, wakaishi huko hadi karibu na uhuru. Mwaka 1934 Desai alikuwa amekwisha kufa kwa miaka 8 na Chronicle halikuwepo. Manilal Doctor alikuwa amekwisha kusukumwa huku na huku. Indian Opinion lilikuwa na yake. Waliopelekwa Gwassi hawakuwa na gazeti lililokwenda nao. Habari zao zilibaki vinywani mwa kogo na kugo, bibi na babu, na wataalamu wa haki za binadamu wa Umoja wa Mataifa walipozungumza rasmi kuhusu ardhi ya Kipsigis na Talai mwaka 2021, sehemu kubwa ya ushahidi uliowafikia ilikuwa kumbukumbu za wazee waliohojiwa mmoja mmoja.

Darasa lile lilichukua kazi ya likizo tofauti na nilivyopanga. Kila mmoja alirudi nyumbani na daftari, amhoji mtu mzima wa kwao aliyewahi kufanya kazi shambani au aliyehamishwa, na aandike kwanza jina lote: la kuzaliwa, la baba, la ukoo, na rika. Mhojiwa akijua lake la kurenet na akikubali, liandikwe pia. Kisha shamba, mwaka, mshahara, na siku zilizokatwa. Tumepata daftari 31. Baadhi ya miandiko haisomeki vizuri na wazee wawili wametaja mwaka mmoja kwa habari zinazogongana, kwa hiyo tutawarudia. Katibu wa shule amekubali tutumie mashine yake ya kurudufisha Jumamosi, karatasi tutanunua wenyewe baada ya bonasi ya chai kulipwa, na kila mzee aliyehojiwa atapata nakala.